Cheti cha Kufundisha Kiingereza Ughaibuni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira za serikali hapa Dodoma, wengine wakijitolea katika shule za kata za Bahi na Chamwino na wengine wakishika vipindi vichache katika shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza, limeenea wazo kwamba ipo njia fupi ya kuanza maisha mapya nje ya nchi: unalipia kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, unapata cheti, unapanda ndege. Wazo lenyewe si la uongo. Kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ni kazi halali, yenye mafunzo yake na soko lake kuanzia Muscat hadi Hanoi. Kasoro iko katika mpangilio wa hatua, kwa kuwa wengi huanza na cheti ilhali kinachoamua safari ni masharti ya viza ya nchi wanayoitaka, na masharti hayo husomwa bure kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Dhana: Cheti cha saa 120 kinakubalika dunia nzima

Hakuna chombo kimoja cha kimataifa kinachosimamia vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wageni. Saa 120 ni kiwango ambacho waajiri wengi wamekizoea, na kwa sababu hiyo kila muuza kozi mtandaoni huiandika namba hiyo juu ya cheti chake, hata kama mwanafunzi amemaliza maswali ya kuchagua jibu kwa siku tatu akiwa kitandani na simu mkononi. Neno “imeidhinishwa” halisaidii sana, kwa sababu baadhi ya kampuni huidhinishwa na vyombo ambavyo ziliviunda zenyewe.

Vyeti viwili vinavyoheshimika zaidi na waajiri makini ni CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL cha Trinity College London. Vyote viwili viko katika ngazi ya 5 ya mfumo wa sifa wa Uingereza, na vyote vinamtaka mwanafunzi afundishe kwa jumla ya saa 6 mbele ya wanafunzi halisi, mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa anaandika. CELTA sasa inaweza kusomwa kwa mtandao, lakini hata huko saa hizo 6 hazikwepeki: wanafunzi ni watu hai walio upande wa pili wa kioo. Ada yake ni mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo tangazo linaloahidi “hadhi sawa na CELTA” kwa bei ya bando la mwezi linatosha kujieleza.

Mhitimu wa ualimu wa hapa nchini asidhani kwamba anaanzia sifuri. Aliyepitia BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, akaandika andalio la somo kila siku na kukaguliwa na mhadhiri aliyefika bila taarifa, ana uzoefu ambao wengi wa wanaojiandikisha kozi hizo hawana.

Dhana: Anayekijua Kiingereza anaweza kukifundisha

Hii ndiyo dhana inayowaangusha wengi, na huwaangusha hata walimu wenye uzoefu, pengine wao zaidi. Tazama kinachotokea katika darasa la kawaida la sekondari. Mwalimu anaeleza kanuni ubaoni kwa dakika ishirini, anageuka na kuuliza, “Mmeelewa?” Darasa zima linajibu kwa sauti ya kwaya, “Ndiyooo!” Somo linaendelea. Katika mafunzo ya CELTA swali hilo hukosolewa mapema kabisa, kwa kuwa jibu lake halipimi chochote. Anayesomea kozi hiyo hufundishwa kuuliza maswali mafupi ambayo hayawezi kujibiwa na asiyeelewa. Akiwa anafundisha sentensi isemayo kwamba fulani alizoea kuvuta sigara, atauliza: Je, anavuta sasa? Hapana. Alivuta mara moja tu? Hapana, mara nyingi. Maswali mawili kama hayo humwonyesha mwalimu ni nani amebaki nyuma, na humlazimu aamue papo hapo kama arudie au asonge.

La pili ni muda wa mwalimu kusema. Katika mfumo huu mwalimu anayezungumza nusu ya kipindi huhesabiwa kuwa amewanyang’anya wanafunzi nafasi yao, na wengi wetu tuliolelewa na ubao na chaki tunapata shida kunyamaza. La tatu ni maswali ambayo mzungumzaji fasaha hakuwahi kujiuliza. Mwanafunzi wa Hanoi anataka kujua kwa nini jua hutanguliwa na “the” na nyota ya kawaida hutanguliwa na “a”. Ufasaha pekee haumpi mwalimu jibu la swali hilo, na kusema “ndivyo inavyosemwa” si jibu analolipwa kulitoa.

Dhana: Ukiwa fasaha, uraia wako si hoja

Hapa ndipo fedha nyingi za wahitimu hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Korea Kusini hutoa viza ya E-2 kwa walimu wa lugha za kigeni. Kwa Kiingereza, kwa kawaida viza hiyo ni ya raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania mwenye shahada ya uzamili ya isimu ya Kiingereza hayumo, na kijana wa Chicago aliyesomea biashara ya hoteli yumo. Mtu anaweza kuuona utaratibu huo kuwa wa dharau, nami nauona hivyo, lakini sheria hiyo hupima pasipoti, haipimi ufasaha, na hakuna cheti cha mafunzo kinachoweza kuibadili.

China nayo inataka, kimsingi, mwalimu wa lugha afundishe lugha ya asili ya nchi yake, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili wa kufundisha lugha. Mwenye shahada ya elimu au cheti cha kufundisha anaweza kusamehewa sharti la uzoefu, lakini si lile la lugha ya asili. Wapo waliodhani wangekwepa yote hayo kwa kuwafundisha watoto wa China kwa mtandao wakiwa nyumbani Kisasa au Nkuhungu, hapa Dodoma. Mlango huo ulifungwa Julai 2021, serikali ya China ilipopiga marufuku kampuni za masomo ya ziada kuwatumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi hiyo.

Japani haina orodha ya mataifa, lakini ina kikwazo kinachomgusa Mtanzania moja kwa moja. Kwa hadhi ya ukaazi inayotumika katika shule, mwalimu wa lugha ya kigeni anatakiwa awe amesoma kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Mwanafunzi aliyepita shule ya msingi ya serikali pale Kongwa alisoma kwa Kiswahili miaka yote saba, akaanza Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa kidato cha kwanza. Miaka sita ya sekondari na mitatu ya chuo kikuu inampa tisa. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu darasa la kwanza anavuka mstari huo bila jasho, na hesabu hii huwezi kuikuta katika tangazo lolote la kozi.

Zipo nchi ambazo mlango uko wazi zaidi. Vietnam inataka shahada ya kwanza, cheti cha kufundisha lugha, taarifa ya polisi na uchunguzi wa afya ili mtu apewe kibali cha kazi, na asiyetoka nchi ya wazungumzaji asilia huombwa ushahidi wa kiwango chake cha Kiingereza. Matokeo ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa mfano, huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili, hivyo si busara kuufanya mtihani huo kabla hujajua unaomba wapi. Nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, hutazama zaidi shahada ya Kiingereza au ya ualimu pamoja na uzoefu wa darasani, na hapo mwalimu wa sekondari wa Dodoma mwenye miaka mitatu kazini anaweza kuwa na nguvu kuliko Mwingereza mwenye cheti cha wiki nne.

Dhana: Stashahada na cheti cha kozi vinatosha

Kwa nchi nyingi zinazolipa vizuri, havitoshi. Shahada ya kwanza ni sharti la viza, si pendekezo la mwajiri, na shule hata ikikupenda haiwezi kulisamehe.

Dhana: Ingia kama mtalii, mambo mengine utayamaliza hukohuko

Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa. Kwa sheria ya China inayosimamia uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito huongezewa kifungo cha siku 5 hadi 15. Tena mwajiri aliyekupokea bila kibali anajua fika kwamba huwezi kumshitaki akikucheleweshea mshahara.

Dhana: Nyaraka ni jambo la wiki ya mwisho

Mkazi wa Dodoma ana nafuu ambayo mwenzake wa Kigoma hana, kwani makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa na Wizara ya Mambo ya Nje, inayothibitisha nyaraka zinazokwenda kutumika nje, iko Mji wa Serikali, Mtumba. Balozi nyingi, hata hivyo, bado ziko Dar es Salaam, ingawa treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imeipunguzia safari hiyo uchovu.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasoma Mathayo, cheti cha kidato cha nne kinasoma Matthew, kitambulisho cha NIDA kimeweka jina la babu na shahada imeliacha. Hapa nchini afisa anatabasamu na kupitisha. Ofisi ya kazi ya Riyadh huona watu wawili tofauti. Kuliweka sawa kunahitaji kiapo kwa wakili au hati ya kubadili jina, kisha marekebisho katika kila ofisi husika, na hayo yatangulie pasipoti, kwa kuwa pasipoti iliyotoka na jina lisilolingana itakugharimu mara ya pili.

Dhana: Wakala mzuri ndiye anayetoza kwanza

Mawakala wa ajira wanaotambulika wa walimu wa Kiingereza kwa kawaida hulipwa na shule. Hapa nchini wakala binafsi wa ajira lazima awe na kibali cha serikali, na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ni mahali halali pa kuulizia. Anayeomba “ada ya nafasi” kabla ya mahojiano, au anayetaka kubaki na pasipoti yako, aachwe.

Dhana: Kufundisha Kiingereza ndiyo njia ya kuhamia moja kwa moja

Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja, na viza hufungwa kwa mwajiri aliyekuomba. Ukigombana naye, hadhi yako ya ukaazi inayumba. Tena cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni hakimfanyi mtu awe mwalimu wa shule za kawaida za Uingereza. Huko kuna QTS, hadhi rasmi ya kutambuliwa kuwa mwalimu, na mpango uliofunguliwa Februari 2023 kwa walimu wa baadhi ya nchi za nje uliwataja wa Ghana, Nigeria, Zimbabwe na wengine, bila Tanzania.

Jambo la ajabu ni kwamba mojawapo ya njia zilizokuwa safi kabisa kwa mwalimu wa Kiingereza wa Kitanzania haimpeleki kufundisha Kiingereza. Mpango wa Fulbright FLTA wa Marekani huwachukua vijana wenye shahada, hasa walimu wa Kiingereza, na kuwapeleka vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo kufundisha lugha yao wenyewe, Kiswahili kikiwemo, huku wakisoma. Viza yake ni ya J-1, ya wageni wa mabadilishano, ambayo Marekani iliwasimamishia Watanzania kuanzia Januari 2026, na baada ya miezi tisa hivi mtu hurudi nyumbani. Anayefikiria njia hiyo atafaidika kupita kwanza BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambako hutolewa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa na darasa la huko litahusu ngeli, na hilo nalo ufasaha pekee haulijibu.