Uwanja wa ndege wa Dakar: mengi tunayosimuliana ni ya uwanja wa zamani

Binamu yangu alipokwenda Dakar kwa mkutano alijipanga vizuri. Ndege yake ya kurudi ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo usiku wa mwisho akakodi chumba katika mtaa wa Yoff, akiamini kuwa asubuhi atatembea dakika chache tu na begi lake. Mwenyeji wake akampigia usiku kumuaga, wakaulizana atalala wapi, na hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: uwanja hauko Yoff. Uko Diass, karibu kilomita 50 kutoka katikati ya jiji. Ndege aliiwahi, lakini teksi ya usiku wa manane ilimaliza pesa alizokuwa amezitenga kwa zawadi za watoto.

Si kwamba hakuuliza. Aliuliza watu, akasoma, akatazama picha. Kila alichokipata kilikuwa sahihi, ila cha miaka iliyopita. Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kwa makini watu wakiuzungumzia uwanja huo, na naona makosa mengi yana mzizi mmoja: Dakar imekuwa na viwanja viwili, na masimulizi yake yamechanganyika.

"Uwanja wa Dakar uko Dakar"

Ulikuwapo. Kwa miongo mingi ndege za abiria zilitua Yoff, mtaa uliozaliwa kutoka kijiji cha wavuvi wa Kilebu, pembeni kabisa mwa bahari. Uwanja ule uliitwa Dakar-Yoff, kisha mwaka 1996 ukapewa jina la Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyekuwa rais wa kwanza wa Senegal. Tarehe 7 Desemba 2017 Rais Macky Sall alizindua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Blaise Diagne huko Diass, katika mkoa wa Thiès, na safari za abiria zikahamia huko.

Mtu wa Kampala halioni jambo hili kuwa geni, kwa sababu yeye hupandia ndege Entebbe. Anayetua Kilimanjaro naye anajua kwamba hajafika Arusha wala Moshi, bado ana mwendo wa gari. Tatizo la Dakar ni kwamba mazoea ya zamani hayajafutika, hata kwa waliowahi kufika.

Sababu ya kuhama utaielewa ukitazama ramani. Dakar imekaa kwenye ncha ya Rasi ya Cap-Vert, sehemu ya bara iliyo magharibi kuliko zote Afrika, na maji yameizunguka pande tatu. (Visiwa vya Cape Verde vilipata jina kutokana na rasi hiyo, navyo ni nchi nyingine kabisa.) Jiji la namna hiyo likikua halina pa kwenda isipokuwa kujibana. Nyumba ziliusogelea uwanja wa Yoff hadi ukutani, ndege zikawa zinapita juu ya mapaa ya watu, na nafasi ya kupanua haikuwapo tena. Diass kulikuwa na ardhi. Huko njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,500, na jengo la abiria lilianza likiwa na uwezo wa kuhudumia watu milioni 3 kwa mwaka, likiwa limepangiwa kupanuliwa baadaye.

Na kuhama huku hakukumuumiza kila mtu. Anayekwenda Mbour, Saly au Thiès sasa anashuka kwenye ndege na kuendelea na safari yake bila kuingia kwenye foleni za Dakar hata kidogo.

Jambo dogo linalowashtua abiria ni ile karatasi ndefu inayofungwa kwenye mpini wa sanduku. Mtu amezoea kuona DKR, sasa pale kaunta inabandikwa lebo yenye herufi nene DSS, naye anaanza kubishana na mhudumu kwamba mzigo wake unapelekwa kwingine. Mhudumu hajakosea. DSS ndiyo alama ya uwanja wa Diass. DKR ilikuwa ya Yoff, na bado unaweza kuikuta kwenye mifumo ya tiketi ikimaanisha jiji la Dakar kwa jumla. Ukiona DSS kwenye lebo, sanduku lako liko njiani kukufuata.

"Yoff ilibomolewa"

Hapana. Abiria wa kawaida ndio waliohama, lakini jeshi la anga la Senegal lilibaki na kambi yake pale.

Kuna pia hadithi kwamba chombo cha anga za juu cha Marekani kiliwahi kutua Yoff. Hiyo si kweli, ingawa ina chanzo. Miaka ya 1980 wataalamu wa Marekani waliichagua Yoff iwe mahali pa kutua kwa dharura endapo chombo chao kingepata hitilafu baada ya kuruka kutoka Florida, kisha jukumu hilo likahamishiwa Banjul, nchini Gambia. Dharura hiyo haikutokea, na vyombo hivyo havikuwahi kutua nje ya Marekani. Kilichotua Yoff kwa hakika ni Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Tarehe 21 Januari 1976, siku ndege hiyo ilipoanza kubeba abiria, ile ya Air France ilitoka Paris kwenda Rio de Janeiro na ikasimama Dakar kujaza mafuta.

"Blaise Diagne alikuwa rais"

Hapa siwalaumu watu wa kwetu. Nairobi uwanja ni wa Jomo Kenyatta, Dar es Salaam ni wa Julius Nyerere, na ule wa zamani wa Dakar ulikuwa wa Senghor. Ukizoea hivyo utadhani jina la Diagne nalo ni la rais fulani. Diagne alifariki mwaka 1934, miaka 26 kabla Senegal haijapata uhuru.

Alizaliwa mwaka 1872 kwenye kisiwa cha Gorée, akafanya kazi ya forodha katika makoloni kadhaa ya Ufaransa. Mwaka 1914 alichaguliwa mbunge, na hivyo kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Ufaransa. Waliompigia kura walikuwa wakazi wa miji minne, yaani Dakar, Gorée, Rufisque na Saint-Louis, ambao walikuwa na haki ya kupiga kura ilhali wenzao wa bara walihesabiwa kuwa watawaliwa tu, si raia. Mwaka 1916 alipitisha sheria iliyothibitisha kwamba wenyeji wa miji hiyo na vizazi vyao ni raia kamili wa Ufaransa. Baadaye akawa meya wa Dakar. Mwaka 1919 aliongoza kikao cha Kongamano la Umajumui wa Afrika kule Paris, pamoja na W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi.

Lakini yako mengine, na anayemtaja Diagne kama shujaa tu anaruka ukurasa mzima. Mwaka 1918 serikali ya Ufaransa ilimtuma Afrika Magharibi kuandikisha askari wa kwenda kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Gavana mkuu wa wakati ule, Joost van Vollenhoven, alipinga uandikishaji huo na kujiuzulu. Diagne akazunguka, akahubiri, akaahidi haki baada ya vita, na akawapata vijana zaidi ya 60,000. Mwaka 1930 alisimama Geneva akaitetea Ufaransa katika suala la kazi za kulazimishwa makoloni.

Nikisoma habari zake huwa naikumbuka Kariakoo. Jina hilo la soko la Dar es Salaam, kama lile la Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita hiyohiyo, na wengi wao hawakurudi. Sisi tumeuhifadhi msiba huo katika jina la soko. Wasenegali wameliandika juu ya lango la nchi yao jina la mtu aliyewapigania baadhi yao na kuwapeleka wengine vitani. Mimi naona ni jina zito, linalostahili kuulizwa habari zake na kila anayepita chini yake.

Kwa wapenzi wa soka: Raoul Diagne, aliyekuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya taifa ya Ufaransa mwaka 1931, ni mtoto wake. Baada ya uhuru Raoul alikuja kuifundisha Senegal, na mwaka 1963 vijana wake waliwafunga Wafaransa wa ridhaa mjini Dakar.

"Waturuki waliujenga na sasa ni mali yao"

Waliumalizia. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2007, enzi za Rais Abdoulaye Wade, na mkandarasi wa kwanza alikuwa Saudi Binladin Group kutoka Saudi Arabia. Kazi ilisuasua miaka mingi, tarehe za kufungua zikasogezwa tena na tena, hadi kampuni mbili za Kituruki, Summa na Limak, zilipokabidhiwa mradi na kuukamilisha. Kampuni hizo ndizo zilizopewa uendeshaji kwa mkataba wa miaka kadhaa, zikishirikiana na kampuni ya dola ya Senegal, AIBD SA (AIBD ni kifupi cha jina la uwanja kwa Kifaransa). Mwendeshaji mwenye mkataba si mmiliki.

Wengine husema ulikuwa msaada wa wafadhili. Benki zilikopesha kweli, zikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, lakini mkopo hulipwa. Tangu mwaka 2005 kila tiketi iliongezwa ada maalumu ya kugharimia uwanja mpya. Mfanyabiashara aliyepandia ndege Yoff mwaka 2008 kwenda kununua vitambaa alikuwa anachangia jengo ambalo hakuweza kuliona kwa miaka tisa zaidi.

"Kufika Dakar lazima uzungukie Ulaya"

Nalielewa wazo hili, kwa sababu Dakar iko mbali mno na kwetu. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 6,000 angani. Recife, nchini Brazili, iko karibu nusu ya umbali huo kutoka Dakar, na Lisbon iko karibu zaidi. Hata hivyo Nairobi na Addis Ababa zimekuwa na safari za kwenda Dakar kwa miaka mingi, mara nyingi ndege ikitua njiani Abidjan au Bamako. Kupitia Paris ni kupanda kaskazini na kuteremka tena, na huenda ukadaiwa viza ya kupita tu. Ukifika, rudisha saa yako nyuma kwa saa tatu.

Kuhusu treni, usiitegemee ramani ya mradi. Treni ya haraka ya TER ilipozinduliwa Desemba 2021 iliishia Diamniadio, na kipande cha kufika uwanjani kiliachwa kwa awamu ya pili. Kabla ya kuipangia safari, muulize mwenyeji siku hiyohiyo mwisho wake ni wapi. Yako mabasi ya Dakar Dem Dikk, na ziko teksi.

Siku ya kurudi, usimwambie dereva "uwanja wa ndege" peke yake ukaishia hapo. Taja jina wanalolitumia wenyewe, AIBD, wakitamka herufi moja moja kwa Kifaransa: a-i-be-de. Njia ni barabara kuu ya kulipia, wenyeji huiita péage. Kwa hiyo kabla begi halijaingia kwenye buti mkubaliane mambo mawili: nauli ni kiasi gani, na ada ya barabara inatoka mfukoni mwa nani.