Je, "wimoweh" ni neno la lugha gani?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba "wimoweh", kile kiitikio cha "The Lion Sleeps Tonight", wimbo wa simba aliyelala mwituni, ni sauti tu zisizo na maana, zilizobuniwa na waimbaji wa Marekani ili wasikike Kiafrika. Sivyo kabisa. Ni sentensi kamili ya Kizulu, na Mswahili anaweza kuifumbua mwenyewe.

Waimbaji wa kwanza walitamka "uyimbube". Imbube ni simba. Ile u- ya mwanzo ni ndugu wa u- yetu tunaposema "wewe u mzima". Uyimbube, basi, ni "u simba". Solomon Linda na kikundi chake, Evening Birds, waliurekodi wimbo huo, "Mbube", katika studio ya Gallo mjini Johannesburg mwaka 1939.

Baadaye santuri yake ilimfikia mwimbaji Pete Seeger huko Marekani, naye akaunakili kwa kusikiliza tu. Hapo ndipo neno lilipogeuka. Kumbuka watoto wa mtaani kwetu wanavyoimba nyimbo za filamu za Kihindi: mapigo yote yapo, ila sauti ngeni zimebadilishwa kwa zile ambazo ulimi umeshazizoea. Tamka u na yi kwa haraka, utapata wi, jinsi u-imbo ilivyozaa wimbo. Mbu ikalegea ikawa mo. Na b ya mwisho? Kizulu huitamka kwa ulaini, pumzi ikivutwa ndani kidogo, kwa hiyo huenda kwenye santuri yenye mikwaruzo ilisikika kama w. Mapigo ni yaleyale, mahadhi ni yaleyale, simba tu ndiye aliyetoweka.

Kikundi cha Seeger, The Weavers, kiliingia nao kwenye chati mwaka 1952. Mwishoni mwa 1961 The Tokens, wakiwa na maneno ya Kiingereza ya George David Weiss, walishika nambari 1 ya Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, kwa wiki 3. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mahadhi yanayobeba maneno hayo ya Kiingereza ni yale ambayo Linda aliyabuni papo hapo, karibu na mwisho wa kurekodi kwa mara ya 3.

Linda alikuwa ameuza haki zake kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962, fukara. Mabinti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, kwa kutegemea sheria ya Uingereza ya 1911 iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa.