Je, wajua kwa nini makaburi ya kale ya Mombasa hayafai kukarabatiwa kwa saruji?

Babu yake mama yangu amezikwa kwenye maziara madogo ya ukoo, Mji wa Kale, mwisho wa kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti. Miaka kadhaa nyuma kuta za kaburi lake zilianza kubanduka, familia ikachanga, akaitwa fundi wa mtaani, akalipiga plasta ya saruji. Likatoka laini kama meza. Tukashukuru, tukasoma hitima, tukaenda zetu.

Misimu michache ya masika ikapita. Plasta ilikuwa nzima, kilichokufa ni kaburi lenyewe. Ukigonga lile ganda la kijivu ulisikia uwazi, kama unagonga mtungi mtupu, na kwenye ufa mmoja unga mweupe ulikuwa ukichuruzika kila upepo ulipovuma. Ule unga ndio uliokuwa jiwe.

Saruji inashika maghorofa ya Moi Avenue. Vipi ishindwe na kaburi lisilofika kiunoni?

Jibu linaanzia kwenye jiwe. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na waliojenga hapa walijenga kwa walichokikuta miguuni mwao. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni matumbawe na chokaa. Mnara wa Mbaraki vilevile. Na maziara ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa hadi 1837, hayako mbali na ngome hiyo. Huko ndiko alikozikwa Profesa Ali Mazrui mnamo Oktoba 2014, akiwa ameletwa kutoka Marekani ili alale na wazee wake.

Tumbawe limejaa vitundu, na maji hupanda ndani yake kutoka ardhini kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa ya chemni. Na maji ya hapa kwetu hayaji peke yake, huja na chumvi: ya ardhini, ya upepo wa bahari, na wakati mwingine ya mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea bila kuoshwa. Jua likipiga, maji hugeuka mvuke yakatoka. Chumvi haina mabawa. Inabaki pale maji yalipokaukia, inaganda kuwa chembe, chembe zinakua, na kila zinapokua zinakisukuma kitundu kutoka ndani mpaka kipasuke. Mvua ikinyesha zinayeyuka, kukianika zinaganda tena. Mwaka hadi mwaka.

Wazee walikuwa wanaishi na jambo hili, na dawa yao ilikuwa chokaa. Chokaa ina vitundu pia, nayo ni laini kuliko jiwe. Kwa hiyo maji hupenda kutokea kwenye viungo na kwenye lipu, chumvi inagandia huko, na kinachobomoka ni chokaa. Baada ya miaka unaikwangua, unapaka nyingine, jiwe liko salama. Ilikusudiwa ife yenyewe kwanza. Saruji ni kinyume chake: ngumu, nzito, imefunga. Maji yakikuta mlango umefungwa yanarudi kutafuta njia ndani ya tumbawe, na chumvi yote inalipukia humo. Ni sawa na kumvua mtu kanzu ya bafta mwezi wa Februari ukamvisha koti la mvua, kisha ukashangaa mbona analoa jasho.

Ajabu ni kwamba saruji yenyewe ni mjukuu wa tumbawe. Machimbo ya Bamburi, ambako kiwanda kilianza kuzalisha mwaka 1954, yanachimba mwamba huohuo wa matumbawe ya kale. Tofauti iko kwenye moto na kwenye mchanganyiko. Ili upate saruji, mawe huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi hadi kama nyuzi 1,450, na kinachotoka ni kitu kingine kabisa. Chokaa huhitaji nyuzi 900 hivi tu. Zamani walipanga magogo duara, wakarundika matumbawe juu, wakatia moto. Jiwe likiungua hutoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Ukilimwagia maji linafoka na kuchemka (usiinamie karai wakati huo, macho hayana spea), kisha linatulia kuwa uji mzito mweupe. Uji huo ukipakwa ukutani huanza kuirudisha ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, mpaka ugeuke jiwe tena, la asili ileile iliyoingia motoni. Kaburi la kale basi, kuta na kiungio chake, ni tumbawe kwa tumbawe.

Haya nilielezwa na mwashi mzee tuliyempata tulipolikarabati kaburi la babu mara ya pili, akiwa amechuchumaa kando ya kaburi na patasi nyembamba kama kijiti cha mswaki.

"Ami, si tuivunje yote kwa nyundo tumalize?" nilimuuliza.

"Mwanangu, hili jiwe lapumua. Mwenzio umemziba pua miaka yote, sasa wataka kumpiga nyundo?"

Alianza na burashi. Kabla ya kugusa chochote alitutaka tulipige picha kaburi pande zote, na kila jiwe lililoanguka akaliandika namba kwa chaki. Mawe hayo hayatupwi, kwa sababu hayana mbadala wa karibu: tumbawe la baharini, lile laini ambalo mafundi wa kale walilichonga maandishi likiwa bichi, huwezi tena kwenda kulikata kwenye mwamba, na sehemu ya bahari ya Mombasa ni hifadhi tangu 1986. Kwa makaburi yaliyotangazwa rasmi kuwa turathi, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 hairuhusu mtu kujiamulia tu kuyagusa, hata yakiwa ya babu yake.

Kwenye kona palikuwa na mche wa mwarobaini umeota katikati ya ufa. Nilitaka kuung'oa, akanishika mkono. Mzizi ulioingia ukutani huwa umeshakuwa sehemu ya ukuta. Ukiuvuta unatoka na mawe. Aliukata usawa wa jiwe, akauacha ufie humo humo.

Lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa aliipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila moja akaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa ikikauka haraka kwa jua inapasuka kabla haijashika. Kazi yetu wanafamilia ikawa kumwagia magunia maji asubuhi na jioni, na nakiri kuna jioni mbili tulisahau. Nyufa zake zinaonekana mpaka leo, upande wa kibla.

Wapo waliotuuliza kama inafaa kujenga makaburi hata kidogo. Hilo nawaachia masheikh. Sisi hatukuongeza hata shubiri moja. Tulirudisha yaliyokuwa yameanguka.

Saruji haikutoka yote. Kwenye jiwe la kichwani ilikuwa imeng'ang'ania herufi, na kila patasi ilipojaribu, kipande cha herufi kilitaka kufuata. Mzee akapima, akasogea, akapima tena, kisha akaweka patasi chini akaomba chai. Kile kiraka cha kijivu, ukubwa wa kiganja, bado kipo, na jina la babu linaishia hapo katikati.