Helikopta ya vita hainunuliwi kama tuktuk
Barazani Mji wa Kale, kwa kahawa chungu na kashata, mzee mmoja alishikilia kuwa mwenye pesa hununua helikopta ya mashambulizi aitakayo. Sivyo, mzee wangu. Mwaka 2018 Pakistan iliagiza kutoka Uturuki helikopta 30 za mashambulizi aina ya T129 ATAK. Muuzaji ni Mturuki (mchoro wa asili ni wa Mtaliano, A129 Mangusta), lakini injini zilihitaji kibali cha Marekani, na Marekani ikakataa. Biashara ikafa. Ufilipino, iliyoruhusiwa, ikapata 6 za aina hiyohiyo. Kwa hiyo Mturuki hashindani na Apache, helikopta ya mashambulizi ya kampuni ya Marekani Boeing, kwa bei na makombora tu. Kuna mwenye injini pia. Ndiyo maana Mturuki anaunda injini yake mwenyewe, TS1400.