Mavazi ya mstaafu: yanayosemwa na yalivyo

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, au kwa hiari kuanzia 55. Kanuni za mavazi za ofisini hubaki huko huko ofisini, na siku hizi hata anaoonana nao benki wamevaa raba na fulana za kola. Basi kila mtu ana ushauri wake.

"Suti za kazini zitanitosha."
Suti kamili na tai kwenye kikao cha mtaa humgeuza mtu mgeni rasmi. Tenganisha koti na suruali, ingawa si kila koti hukubali. Lenye mistari myembamba au kitambaa cha kung'aa, likivaliwa na kadeti, linaonekana limepotelewa na suruali yake. La rangi moja isiyong'aa, buluu iliyokolea au kijivu, hukaa vizuri na kadeti ya kaki na shati bila tai. Kwa joto la Pwani, kaunda suti ya mikono mifupi bado haijapata mpinzani: haidai tai wala kuchomekea.

"Nguo pana huficha kitambi."
Hukiongeza. Tazama mshono wa bega: unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremkia mkononi, koti zima linaning'inia na mvaaji anaonekana amepungua kwa maradhi. Bega ndilo la kuangalia kwanza, hasa kwenye mitumba, kwa sababu kulirekebisha ni kufumua koti na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya koti lenyewe. Mikono na pindo ni kazi ndogo.

Suruali inayobana usiitupe. Igeuze, utazame mshono wa nyuma wa kiunoni. Kukiwa na akiba ya sentimita 2.5 kila upande, fundi huacha 1 ya kushikia mshono na kiuno hupata 3. Kupunguza nako kuna mpaka: ukipita sentimita 5 hivi, mifuko ya nyuma huanza kusogeleana. Kwa skati, pindo lipimwe kutoka sakafuni mvaaji akiwa amesimama na viatu vyake, maana tumbo likiongezeka mbele hupanda na nyuma hubaki chini.

"Viatu vizuri nimevihifadhi kwa ajili ya harusi."
Hapa ndipo watu huaibika. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huzimeng'enya polepole hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Baada ya miaka kadhaa juu ni ngozi safi, chini soli inapukutika kama keki ukumbini. Minya soli kwa kidole gumba wiki mbili kabla ya sherehe. Ikiwa na nyufa au inanata, mpelekee fundi viatu aweke ya mpira, aigundishe na kuishona. Ukinunua vipya, jaribu alasiri, wakati miguu imeshavimba kidogo.

"Mfuko wa nailoni wa dobi hulinda koti."
Hufungia unyevu ndani, na kuvu huanzia kwenye kola. Uvue, ufunike koti kwa shuka kuukuu la pamba.

"Pasi ya moto sana ndiyo inayonyoosha."
Kwenye suruali nyeusi yenye poliesta huacha mng'ao usiotoka. Tandaza kitambaa chenye unyevu juu yake, au pigia upande wa ndani.