Krapi wa chini ya barafu: saa ya kuuma siyo ile ya ukutani

Mwezi Desemba mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako maziwa huganda na watu huvua kwa kutoboa tundu kwenye barafu, jua huzama kama saa 10:30 jioni. Mtu aliyekulia Mwanza au Kisumu, ambako jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi mwaka mzima, akiambiwa kwamba samaki aitwaye krapi "huuma jioni" atafika ziwani wenzake wamekwisha kunja hema, kisha aseme ziwa halina samaki. Katikati ya Machi, saa zikiwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama Wamarekani wengi wanavyofanya kila Machi, jua kwenye ziwa hilohilo huzama baada ya saa 1 usiku. Kwa hiyo ushauri wowote unaotaja saa bila kutaja mwanga una kasoro tangu mwanzo.

Kwa asiyemjua, krapi ni samaki bapa wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini, umbo lake kama la sato ingawa hawana undugu. Wapo weusi na weupe. Maziwa mengi ya Minnesota yana weusi. Macho yake ni makubwa, yamekaa juu kichwani, na hutafuta chakula kwa kuona. Hula visamaki, vijidudu vinavyoelea majini, na mabuu ya visubi wa jamii moja na wale wanaofunika anga la Ziwa Victoria kwa makundi. Mabuu hayo mchana hujificha kwenye tope la kilindi, na giza likiingia hupanda juu. Hata vile vijidudu vinavyoelea vina tabia hiyo. Mlo unahama kwa kufuata mwanga, na mlaji anaufuata.

Dhana: Krapi huuma jioni tu, mchana ni kupoteza muda

Hii ndiyo inayosikika zaidi, na ugumu wake ni kwamba kwenye maziwa fulani ni kweli. Ziwa likiwa na maji maangavu, barafu safi na theluji kidogo juu yake, mwanga wa mchana hupenya hadi chini. Krapi hutulia kilindini wakiwa wamekusanyika, na wengi hawajishughulishi na chambo. Kuanzia kama nusu saa kabla ya jua kuzama, hadi saa moja au mbili baadaye, wanachangamka na kuanza kupanda. Hapo kweli jioni inalipa.

Lakini nenda kwenye ziwa ambalo maji yake ni ya rangi ya chai, kama mengi ya kaskazini yanayolishwa na vinamasi. Huko mwanga wa machweo hauwafikii samaki kabisa. Kwao giza limeingia zamani. Krapi wa maziwa hayo mara nyingi huuma vizuri kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati mwanga unatosha kuona chambo. Theluji nene nayo hufanya kazi ileile: sentimita 25 za theluji juu ya barafu huzuia sehemu kubwa sana ya mwanga, hata maji yakiwa maangavu. Ziwa lililokuwa la jioni mwanzoni mwa Desemba linaweza kuwa la mchana mwishoni mwa Januari, bila samaki kubadilika tabia hata kidogo. Kabla ya kuuliza saa, chungulia ndani ya tundu ulilotoboa. Ukikiona chambo chako kikiwa mita 3 chini, subiri jioni. Kikipotea baada ya mita moja, ulipaswa kufika mapema.

Dhana: Ngoja mchana, maji yapate joto

Maji hayapati joto. Barafu na theluji vimeyafunika, na utaratibu wake ni kinyume cha tulichozoea: maji ya karibu 4°C ndiyo mazito zaidi, kwa hiyo hukaa chini, na yaliyo karibu na 0°C hukaa juu, yakigusana na barafu. Hewa ikipanda kutoka -20°C asubuhi hadi -5°C mchana, samaki hajui. Anayejua ni wewe, vidole vyako na tundu linaloganda kila dakika chache. Mchana unakuwa mzuri kwa mvuvi, na mvuvi aliyetulia hukaa muda mrefu na kupata zaidi. Nadhani dhana hii ilizaliwa hapo.

Mwishoni mwa msimu mambo hubadilika kidogo. Barafu ikianza kuyeyuka Machi, maji yenye oksijeni huingia kupitia nyufa na matundu, na krapi husogea kwenye ghuba zenye maji mafupi. Hapo alasiri yenye jua ina faida ya kweli.

Dhana: Wakiacha kuuma, saa yao imekwisha

Mara nyingi wamepanda tu. Krapi hula akitazama juu, na chambo kilicho chini yake hakioni. Mvuvi ameweka ndoano nusu mita kutoka tope, samaki wamefuata mlo hadi katikati ya maji, naye anafungasha. Pandisha chambo mita moja, kisha nyingine, kabla ya kulaumu saa. Wenye kifaa cha sona, kinachoonyesha samaki walipo majini kwa mawimbi ya sauti, huona kundi likipanda wakati jua linazama, na kwa maoni yangu hicho kinafaa kuliko jedwali lolote la muda.

Februari kuna sababu nyingine ya samaki kupanda. Theluji ikikaa muda mrefu, mimea ya majini hukosa mwanga na oksijeni hupungua, ikianzia chini. Krapi aliyeko juu saa 6 mchana huenda hafuati mlo, anafuata hewa.

Dhana: Mbalamwezi na taa

Hapa sisi watu wa maziwa makuu ya Afrika tunakuja na elimu yetu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku kwa karabai, na siku hizi kwa taa za sola, na wengi hupumzika mwezi ukiwa mpevu kwa sababu mbalamwezi hudhoofisha taa zao. Minnesota wengine huamini kinyume, kwamba mwezi mpevu huwaamsha krapi. Chini ya theluji nene mbalamwezi inayofika ni kidogo mno. Na taa yenyewe usiijaribu: sheria ya Minnesota inakataza kuvutia samaki kwa taa, isipokuwa chambo bandia chenye taa kilichofungwa kwenye mshipi. Ya kukuangazia ndani ya hema ni sawa.

Usiku kucha? Wengi huona hivi: giza linapoingia wanauma kwa kasi, kisha kimya, kisha makundi yanapita kwa vipindi. Anayelala usingizi mwepesi atapata kitu. Alfajiri nayo ni nzuri kwa sababu zilezile za jioni, ila watu hawaipendi kwa ajili ya baridi.

Mambo mawili yanaambatana na muda unaochagua. Ukienda jioni utarudi gizani, kwa hiyo pima barafu kungali na mwanga: Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya na angavu kwa mtu anayetembea, na barafu nyeupe iwe na unene mara mbili ya huo. Ukivua mchana kwenye kilindi kinachozidi mita 9 hivi, samaki unayemvuta juu kibofu chake cha hewa hutanuka, na ukimrudisha mara nyingi hufa. Huko usivue kwa kuchagua wakubwa na kutupa wadogo. Kikomo cha kawaida cha jimbo ni krapi 10 kwa mtu, baadhi ya maziwa yana pungufu, na ukifikisha idadi kilindini, hamia maji mafupi au kunja mshipi.