Je, wajua? Kwa nini Belize ina watu wachache hivi, na wa asili nyingi hivi

Belize imebanwa kati ya Meksiko, Guatemala na Bahari ya Karibi. Eneo lake ni kilomita za mraba 22,966, ikiizidi El Salvador kidogo tu. Lakini El Salvador ina watu zaidi ya milioni 6, ilhali sensa ya Belize ya mwaka 2022 ilihesabu watu 397,483. Hawafiki laki nne nchi nzima!

Na hao wachache wametoka kila upande. Zaidi ya nusu ni Wamestizo, wenye damu ya Kihispania na ya wenyeji wa Amerika. Kama robo ni Wakrioli, wazao wa Waafrika na Waingereza. Wamaya ni karibu mmoja katika kila kumi. Kisha kuna Wagarifuna, Wamenoni (Wakristo wa dhehebu linalokataa vita) wenye asili ya Kijerumani, Wahindi, Wachina na wengineo. Lugha rasmi ni Kiingereza, jambo ambalo hulikuti katika nchi nyingine yoyote ya Amerika ya Kati, ingawa zaidi ya nusu ya wananchi wanazungumza Kihispania. Ilikuwaje?

Tuanze na uchache wao, maana nchi hii haikuwa tupu tangu zamani. Katika karne ya 7 mji wa Wamaya wa Caracol, ulio ndani ya Belize ya leo, unakadiriwa kuwa na watu wapatao laki moja. Belize City, mji mkubwa kuliko yote nchini sasa, haufikii idadi hiyo. Miji ya Wamaya ilipoanguka watu walitawanyika, na baadaye magonjwa yaliyoletwa na Wazungu yakawamaliza wengi wa waliobaki. Wahispania walidai eneo hilo ni lao lakini hawakulikalia. Pengo hilo ndilo waliloingilia wakataji miti wa Kiingereza katika karne ya 17.

Walifuata mti mmoja unaoota kwenye vinamasi vya pwani, ambao moyo wake ulitoa rangi ya kutilia vitambaa Ulaya. Bei ya rangi hiyo ilipoporomoka wakahamia kwenye mahogani. Waafrika waliletwa kama watumwa, wengi wao kupitia Jamaica, na kufikia mwisho wa karne ya 18 watumwa walikuwa kama robo tatu ya wakazi wa makazi hayo. Kazi yenyewe ilikuwa tofauti na ya mashamba ya miwa ya Karibi. Mahogani haioti mahali pamoja. Unakuta mti mmoja hapa na mwingine mbali kule. Kwa hiyo kikosi kidogo kilikwea mto, mtu mmoja akapanda juu ya mti mrefu kuutambua mahogani kwa rangi ya majani yake, kisha wenzake wakakata njia kuufikia. Kazi ya namna hiyo haikuhitaji maelfu ya watu mahali pamoja, na haikuacha vijiji nyuma yake.

Utumwa ulipokoma kabisa mwaka 1838, ardhi ya serikali iliyokuwa ikigawiwa bure ikaanza kuuzwa. Waliokuwa wamekwisha kujimilikisha misitu waliendelea nayo, na walioachwa huru hawakuwa na fedha za kununua shamba. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu kubwa la uchache wa watu wa Belize: kwa miaka mingi ardhi ilikuwa mali ya makampuni ya mbao, na mkulima mdogo hakupewa nafasi ya kuota mizizi.

Waliokuja baadaye, karibu wote walikuwa wakikimbia jambo fulani. Historia ya Wagarifuna ndiyo inayonigusa zaidi. Wao ni wazao wa Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent. Walipigana na Waingereza kukilinda kisiwa chao, wakashindwa, na mwaka 1797 wakapakiwa melini na kutupwa kisiwani Roatán, karibu na Honduras. Maelfu walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi na njaa kabla ya safari. Kutoka huko walienea pwani, na tarehe 19 Novemba 1832 kundi kubwa liliwasili kusini mwa Belize. Kila mwaka siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Mjini Dangriga mitumbwi huingia alfajiri ikiwa na ngoma na mihogo, kuonyesha jinsi wazee walivyofika.

Mihogo hiyo haibebwi kwa mapambo. Ni mihogo michungu yenye sumu. Wanawake huikwaruza, wakaijaza kwenye mfuko mrefu uliofumwa uitwao ruguma, unaoning'inizwa juu na kuvutwa chini hadi maji yenye sumu yachuruzike yote. Unga unaobaki huchekechwa na kuokwa juu ya bamba la moto, ukawa mkate mwembamba mkavu, ereba, unaokaa muda mrefu bila kuharibika. Samaki wao wanampika kwa tui la nazi na kumla na ndizi zilizotwangwa kwenye kinu cha mbao.

Kaskazini ni habari nyingine. Mwaka 1847 vita vikubwa vilizuka Yucatán, Meksiko, Wamaya wakiwaasi wenye mashamba. Maelfu ya Wamestizo na Wamaya walivuka mpaka wakakaa Corozal na Orange Walk, na ndio walioanzisha kilimo cha miwa huko. Kusini, Wamaya wa Mopan na Q'eqchi' waliingia kutoka Guatemala mwishoni mwa karne hiyo, wakikwepa kodi na kazi za kulazimishwa. Wamenoni walifika mwaka 1958 kutoka Meksiko, baada ya serikali kukubali kuwasamehe utumishi wa jeshi na kuwaachia shule zao. Leo kuku na maziwa yanayoliwa Belize kwa sehemu kubwa hutoka kwao, ingawa wale wa Shipyard bado wanasafiri kwa magari ya farasi.

Mabadiliko makubwa kuliko yote ni ya juzijuzi tu. Sensa ya 1980 iliwakuta Wakrioli wakiwa karibu asilimia 40 na Wamestizo asilimia 33. Sensa ya 1991 ikawakuta Wamestizo asilimia 44 na Wakrioli asilimia 30. Katika miaka 11 kundi kubwa lilikuwa limebadilika, na uzazi peke yake usingeweza kuleta hali hiyo.

Watu waliingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Vita vya El Salvador na Guatemala viliwasukuma maelfu kuingia Belize, na mwaka 1982 kijiji cha Valley of Peace kilianzishwa karibu na Belmopan kuwapokea wakimbizi. Wakati huohuo Wakrioli na Wagarifuna walikuwa wakihamia Marekani. Wimbi hilo lilipata nguvu baada ya kimbunga Hattie cha Oktoba 1961, kilichoua zaidi ya watu 200, kikaubomoa mji wa Belize City na kuifanya serikali ijenge mji mkuu mpya, Belmopan, mbali na bahari. Kiingereza chao kiliwarahisishia maisha ya New York, Los Angeles na Chicago, na hadi leo familia nyingi za Belize zina ndugu huko.

Ukizijumlisha asilimia za makabila katika sensa ya 2010 utapata zaidi ya mia, na hesabu haina kosa. Kila mtu aliruhusiwa kutaja asili zaidi ya moja, na wengi walifanya hivyo.